Neno Nililolionea Haya

Mimi hasira zangu ziko karibu, na ulimi wangu umenitia matatani tangu shuleni. Lakini kosa ninalolisimulia hapa sikulifanya kwa hasira. Nililifanya nikiwa nimetulia kabisa, chai ya tangawizi mezani, nikijiona nimefika.

Nilikuwa karani wa mikataba katika chama kidogo cha wakulima. Ofisi yetu ilikuwa Busia, upande wa Kenya, lakini wanachama walitoka pande zote mbili za mpaka. Kazi yetu ilikuwa kushuhudia na kutunza makubaliano ya mashamba. Mtu akimwachia mwenzake shamba alime kwa misimu kadhaa, wanakuja, wanatia saini au kidole gumba, nasi tunahifadhi karatasi. Tuliandika kwa Kiswahili, maana huku kwetu hiyo ndiyo lugha inayovuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho.

Siku moja alikuja mama mmoja mjane kutoka Mulanda, kule Tororo, upande wa Uganda. Magoti yalikuwa yamemshinda, hawezi tena kuinama na jembe, na alikuwa amepata mfanyabiashara wa mjini Tororo wa kulilima shamba lake kwa misimu minne. Kilichomleta ofisini kilikuwa kimoja tu. Kwenye kona ya juu ya shamba kulikuwa na makaburi mawili, la mumewe na la mtoto wao wa kwanza. Hayakuwa na saruji wala msalaba, vilima viwili tu vya udongo vilivyoota nyasi.

"Alime yote," alisema, "lakini kona ya watu yangu asiguse. Andika hiyo, mutoto yangu. Andika sana."

Aliyeshika kalamu siku hiyo ni karani mwenzangu wa upande wa Tororo, naye aliandika kama watu wanavyosema: bwana huyu amekomboa shamba ya mama huyu misimu ine, atalima yote, asiguse kona ya makaburi. Mimi nilikuwa nyuma yake nikicheka kichinichini hiyo "shamba ya." Mama aliomba asomewe mara tatu ndipo akabonyeza kidole.

Huku kwetu kukomboa ni kukodi. Unakomboa chumba, unakomboa shamba, na muda ukiisha unamwachia mwenyewe mali yake. Nimelisikia neno hilo jikoni kwa mama yangu kabla sijajua kusoma. Lakini nilipolisema darasani, mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha mbele ya wenzangu. Kukomboa, akasema, ni kurudisha chako kilichokuwa mikononi mwa mwingine; mateka hukombolewa, mali iliyowekwa rehani hukombolewa. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikawa askari wa Kiswahili sanifu, na mtu akisema "naenda" mbele yangu namsahihisha hata kama ana haraka ya kwenda hospitali.

Mwaka ulipopita, chama kikanunua programu ya kutunza mikataba. Karatasi zote zikapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Kisha mkuu wetu akasikia habari za akili unde, kwamba kuna wakala wa kompyuta anayeweza kusoma mikataba elfu na kukuambia upi umeisha na upi bado. Akaitwa fundi, dada mmoja aliyesomea mambo hayo Chuo Kikuu cha Busitema, aje anifundishe kumuunganisha.

Nilitarajia vitufe na rangi. Akanifungulia dirisha jeusi. Humo hakuna kubofya, unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, unangoja. Akaweka chombo kidogo kinachomwezesha wakala kuingia kwenye programu yetu, akakipa ufunguo, akanionyesha amri ya kumruhusu asome tu, na nyingine ya kumruhusu asome na kuandika. Aisee, nilijisikia rubani.

"Dada, kwanza asome tu," aliniambia. "Ukiridhika ndio umruhusu kuandika. Na umwandikie orodha ya maneno yenu ya huku, umweleze kila neno lina maana gani. Atafuata utakachomwambia wewe."

Orodha ya maneno! Nani angeiandika kama si mimi? Nilikaa nayo asubuhi nzima. Msimu, kipande, mpaka, shahidi. Nilipofika kwenye kukomboa, mkono ulisimama kidogo. Nikajiona niko darasani tena. Nikafikiria yule fundi msomi akiisoma orodha yangu, akicheka kichinichini. Nikaandika: kukomboa ni kurudishiwa mali kabisa, aliyekomboa ndiye mwenye mali, mkataba wa namna hiyo umekwisha pamoja na masharti yake. Nikanywa chai.

Nilimjaribu wakala kwa mikataba kumi ya upande wetu, ambayo karibu yote niliiandika mimi, kwa "kukodi" safi. Hakukosea hata mmoja. Nikamruhusu kuandika, nikampa ya Tororo.

Alifanya kazi dakika chache, kisha akasimama. Kwenye lile dirisha jeusi kukatokea swali. Aliniambia kwamba katika mikataba sita, neno kukomboa limetajwa pamoja na idadi ya misimu, na hilo halilingani na maana niliyompa. Je, huenda hapa lina maana nyingine?

Nisikilize vizuri msomaji, maana watu hupenda kusema kompyuta imekosea. Iliniuliza. Kwa adabu kabisa iliniuliza. Nami kiburi kikanipanda: yaani mashine inifundishe Kiswahili mimi? Nikaandika maneno mawili, "Fuata orodha," nikabonyeza. Mikataba sita ikafungwa, na programu yenyewe, kama ilivyopangwa, ikawatumia wahusika ujumbe kwenye simu. Nikaenda kula.

Siku ya tatu yule mama wa Mulanda aliingia ofisini akiwa ameshika ukuta. Gauni lake lilikuwa na tope hadi magotini. Sikumtambua mara moja.

"Trekta imepita juu ya watu yangu," alisema.

Nilimkalisha. Nikaanza kumweleza kwa sauti ya kiofisi kwamba mkataba unamkataza yule bwana, kwamba akikaidi tutamwita. Mama akanipa simu yake niangalie. Ujumbe ulikuwa umetoka kwetu: shamba lako limekombolewa na mlimaji, mkataba umefungwa.

"Jirani alinisomea," akasema. "Nikamwambia, hiyo najua. Shamba nilikomboleshea yule bwana zamani. Nikalala."

Ujumbe ule ungemshtua mtu yeyote wa vitabu. Yeye ulimtuliza, kwa kuwa kwa lugha yake, ambayo ni lugha yangu, haukuwa umesema jambo jipya zaidi ya kwamba shamba limekodiwa. Nilifungua dirisha jeusi mbele yake. Kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa: swali la wakala, na chini yake maneno yangu mawili. Yeye hakujua kusoma, na hilo, Mungu anisamehe, nililishukuru.

Niliwapigia simu wale wengine watano, na kwa bahati hakuna shamba lililokuwa limeguswa. Kisha nikavuka na mama hadi Mulanda.

Yule mfanyabiashara alitukuta shambani. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, lakini alikuwa amevua kofia. Ujumbe wake ulisema yeye ndiye mwenye shamba na masharti yote yamekwisha. Alidhani mama ameamua kumwachia na kwamba wale marehemu wameshahamishwa, akamtuma dereva wa trekta alime kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ningejua ningekuja mwenyewe," alisema. "Mama, haki ya Mungu ningekuja."

Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa mweusi na mzuri, mistari imenyooka hadi kwenye ua wa jirani. Mama aliingia taratibu. Alisimama mahali, akasema, "Baba alikuwa hapa." Akasogea hatua tatu. "Ama hapa." Akageuka kutafuta upande wa mtoto, akakosa pa kukanyaga, akabaki ameinua mguu mmoja kama anayeogopa kumwamsha mtu. Yule bwana akamshika mkono. Mimi nililia, na sikuona haya kulia.

Tulipomtoa kwenye matuta nikaona lazima niseme kitu. Nikamwambia mkataba wake umesharudishwa kama ulivyokuwa, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia kwamba kukomboa ni neno lenye maana mbili, moja ya vitabuni na moja ya huku, na kwamba kompyuta haikujua ya huku. Nililisema vizuri, kwa upole, kwa Kiswahili changu kilichonyooka. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema mashine hizi ni hatari. Nikamwacha aamini hivyo.

Mama alikuwa akikwangua tope miguuni kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

"Wewe, kule Busia, unakaa wapi?"

Sikutegemea swali hilo. Nilijibu bila kufikiri.

"Nimekomboa nyumba nyuma ya soko, mama."

"Nyumba iko yako?"

"Hapana, mama, si yangu. Nimekomboa tu."

Akaweka kijiti chini, akaniangalia.

"Basi ulijua," akasema.