Aliyeonyesha Njia Mkongo

Mpaka leo nikimwona Seleman, mwenyekiti wetu wa ulinzi wa mashamba, damu inanichemka. Nimesoma naye darasa moja.

Mwalimu Mwajabu alitufundisha historia Kibiti, kabla hajastaafu na kurudi Mkongo kulima mpunga. Kila mwaka alisomesha vita vya Las Navas, kule Hispania, mwaka 1212. Jeshi la Waislamu lilikuwa linalinda njia nyembamba ya milimani, na wafalme wa Kikristo wakakwama na watu wao. Ndipo, inasimuliwa, mchunga mifugo mmoja akawaonyesha njia nyingine isiyo na mlinzi. Waislamu wakapigwa vibaya. Sisi watoto wa madrasa tulipiga kelele: "Msaliti!"

Mwalimu aligonga meza. "Mnamlaani mchunga tu! Na mkuu wa jeshi aliyeacha njia wazi, je?"

Mwaka huu ng'ombe wa wafugaji walipoanza kuingia bondeni kwenye mpunga wetu, tulikaa kikao. Madungu yote ya kuamia, vile vichanja vya walinzi, yakapangwa upande wa barabarani. Mwalimu akasimama.

"Nyuma kuna njia tunayopita wanawake kukata ukindu wa mikeka. Wekeni hata dungu moja."

Seleman akacheka. "Mwalimu, hapa si Hispania."

Wanaume wote wakacheka, wajinga wale. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Ng'ombe walipita njia ya ukindu. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unatia maziwa kwenye punje. Wa Mwalimu haukubaki hata shina.

Unadhani waliona haya? Walitafuta wa kumtwisha lawama. Wakampata Zuena, mjane asiye na wa kumtetea, kwa sababu mchunga wa ng'ombe wale alimuuliza maji yako wapi naye akamwelekeza upande ule. Wakaandika karatasi: anyang'anywe shamba, ahame. Kisha wakaja barazani kwa Mwalimu atie sahihi wa kwanza, maana hasara yake ndiyo kubwa.

"Si ulitufundisha mwenyewe?" Seleman alisema. "Huyu ndiye yule mchunga wako."

Sijapata kumwona Mwalimu na hasira ile. Akaichukua karatasi, akalikata jina la Zuena, akaandika lake.

"Aliyeonyesha njia ni mimi. Niliwaonyesha ninyi, kikaoni, mchana kweupe. Haya, nihamisheni!"

Seleman akaiacha karatasi pale pale, akaondoka na wenzake. Mwalimu akampa Zuena, naye anayo mpaka leo, na shamba lake analo.