Daktari Wangu Kapewa Sauti ya Kiume

Bwana Mhariri, nifichie jina, maana ofisini kwetu gazeti lako husomwa kabla ya chai. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, kwetu Kilimanjaro, nimepanga chumba Kariakoo. Ni mpiga taipu katika ofisi inayoleta picha za sinema. Niseme ukweli mapema: nina wivu, na wivu wenyewe unaninyima hata hamu ya kula.

Ninayemwonea wivu ni Rajabu, tunayekaa naye meza moja. Picha ikionyeshwa ukumbini, yeye hushika kipaza sauti akawaeleza watu kwa Kiswahili. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Maneno yote nayafasiri mimi, nayapiga taipu, yeye anasoma.

Mwezi uliopita ilikuja picha ya roketi iendayo mwezini. Ndani yake mna mwanamke mmoja tu, msomi wa hesabu, wenzake wanamwita Daktari. Anawaambia njia wameikosea. Nahodha anacheka, anamwagiza kahawa. Niliipenda picha ile na nikaichukia. Nikaandika: "Daktari: Nahodha, tunapotea." Kiswahili chetu hakisemi daktari ni mke au mume, na Rajabu hakuuliza. Siku ya onyesho akanguruma kwa sauti nzito ya kiume, huku kwenye pazia mdomo unaotikisika ni wa mwanamke.

Ukumbi ukaangua kicheko. Rajabu hakubabaika. "Msicheke, jamani," akasema, "huyu bibi anakariri aliyofundishwa na mumewe." Watu wakampigia makofi. Jumatatu bwana mkubwa wetu akampa cheo cha Mfasiri, cheo nilichokiomba mimi mara mbili nikajibiwa kwamba sauti ya mwanamke haijazi ukumbi.

Nilimwambia Rajabu, "Yule daktari alikuwa mwanamke."

"Basi ungeandika Bibi Daktari, dada," akanijibu kwa upole. "Mimi ningejuaje?"

Upole wake ndio unaoniudhi. Namwonea wivu hata yule mwanamke wa picha; yeye angalau walimwona mdomo ukitikisika.

Sasa imekuja picha nyingine, ya malkia wa sayari ya mbali. Nimepiga nakala mbili. Moja ni sahihi. Ya pili nimebadilisha majina ya wasemaji: jemadari mwenye masharubu atatangaza kuwa ni mjamzito. Zote zimo kwenye mtoto wa meza, na Jumamosi Rajabu atasoma mbele ya wageni wa bwana mkubwa.

Kinachonizuia ni taipu yangu. Herufi yake ya R imekatika mguu, na kila mtu ofisini anaijua. Kwa miaka miwili R hiyo haijamwambia mtu kwamba kazi nzuri ni yangu, ila nakala mbovu ikisomwa, wataitambua siku hiyo hiyo.

Wasomaji, nishaurini kabla ya Jumamosi: nimpe ipi?