Kusoma Mara Kumi

Nilichokiona kwanza kwake ni midomo. Ilikuwa ikicheza bila sauti, macho yakiwa kwenye mshale wa mizani.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa kwenye shamba hilo la kuku, na yeye ndiye mpimaji. Madereva walimwita Mzee Subiri. Tenga likiwekwa kwenye mizani, kuku hupapatika na mshale hauishi kuyumba. Wengine wangeandika namba yoyote wakaendelea. Yeye husoma kila anaposhusha pumzi, mara kumi, akajumlisha na kugawa.

Siku moja dereva alimtania kwamba awashtue kuku waruke, mzigo upungue.

"Kuku akiruka huikandamiza mizani kwanza," alijibu bila kuinua macho. "Akiwa juu inapungua. Akitua anaipiga tena. Jumlisha yote, kuku ni yuleyule."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja. Chakula cha mchana alikula peke yake, nyuma ya stoo. Baada ya kumzika mkewe, miaka minne iliyopita, binti yake wa pekee alihamia mbali, na simu zikawa za kujuliana hali tu.

Wiki iliyopita binti alipiga simu akilia, sauti yake ikinifikia nilipokuwa nimesimama kando ya mzee. Kichanga wake, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alikuwa akipimwa kliniki huku akirusha miguu. Leo namba hii, kesho pungufu. Hakujua kama mtoto anakua au anafifia.

"Usishike namba moja, mwanangu," mzee alisema. "Mtoto hatulii. Soma mara kumi."

"Baba, nikija utampima wewe?"

"Njoo."

Jana nilimpelekea nyumbani fomu yake ya likizo, ya kwanza kwa miaka tisa. Chumba kimoja, kiti kimoja. Mezani palikuwa na vikombe viwili, cha pili kingali na maji ya kuoshwa. Kwenye boriti alikuwa ametundika mizani ndogo, na chini yake bembeo aliyoishona kwa shuka la marehemu mkewe. Ndani aliweka pakiti ya chumvi ya kilo moja, akaibembeza, akasoma. Midomo ilicheza. Kilo moja kamili, ukitoa gramu za shuka.

Ukutani alibandika karatasi yenye mistari kumi mitupu.

Basi linaingia kesho saa tatu asubuhi. Ameniomba nisichelewe, nimshikie kalamu.