Upande wa Taniboi

Mzee Ogada alipokuwa dereva, alikuwa akirudi nyumbani, mtaa wa Section 58, akiwa mweupe. Lori lake lilibeba mawe ya Kariandusi, yale mepesi yanayosagwa kuwa unga wa kuchujia vinywaji viwandani, na unga huo ulimkaa hadi kwenye nyusi. Mkewe, Mama Maxwel, alikuwa akimsimamisha mlangoni na kumkung'uta kwa kitambaa kabla ya kumruhusu kuingia.

"Mimi niliolewa na mtu mweusi," alikuwa akimwambia. "Huyu mzungu simjui."

Katika miaka yote aliyoshuka Mai Mahiu, pale bonde linapofunguka ghafla upande wa kushoto na malori kuanza kuhema kwa breki, Ogada hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Sifa hiyo aliigawa kwa haki. "Kulia ni kwangu," alisema, "kushoto ni kwa taniboi." Taniboi ni yule msaidizi wa dereva anayekaa upande wa pili, kichwa nje ya dirisha, mkono ukiwa tayari kupiga mlango. Kofi moja maana yake ni angalia. Makofi mawili, pita. Dereva asiye na taniboi, kwa maoni ya Ogada, alikuwa nusu dereva na nusu maiti.

Alipostaafu, alihamishia heshima yake kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Karanja, fundi wa kuziba magurudumu. Hapo walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, vya mmoja vikitazama juu na vya mwenzake chini, na aliyeshindwa alimnunulia mwenzake mahindi ya kuchoma. Karanja alikuwa mtu wa kununua mahindi. Alinunua kwa miaka mingi, bila kinyongo kinachoonekana.

Mwaka jana kiharusi kilimpata Ogada akiwa anavaa viatu. Mkono wa kushoto ulilegea, mdomo ukapinda kisha ukarudi mahali pake pamoja na utani wake wote. Kliniki walimweleza Mama Maxwel mambo ya chakula: chumvi ipunguzwe, mafuta yapunguzwe, samaki na maharagwe visikosekane, na nusu ya sahani iwe mboga, kwa sababu chakula kinachotunza mishipa ya damu ndicho hicho kinachosaidia kuutunza ubongo usizidi kuchoka. Mama Maxwel aliyapokea maneno hayo kama kiapo cha ndoa ya pili. Mkebe wa chumvi ulipelekwa kukaa kwa jirani. Jikoni zikaingia mboga za managu, kunde, terere na mrenda.

Sahani aliipanga mwenyewe. Ugali na samaki aliviweka upande wa kulia, karibu na mkono mzima, ili mumewe asihangaike. Mboga zilijaza nusu yote ya kushoto.

Vita vikaanza. Kila sahani ilirudi jikoni upande wa kulia ukiwa umekwanguliwa, na upande wa kushoto mboga zikiwa zimekaa kama zilivyopakuliwa. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulinyooka kama mshono.

"Baba Maxwel, mboga je?" aliuliza kutoka jikoni.

"Mboga gani?"

"Mboga niliyokuwekea!"

"Umeniwekea ugali na samaki, sasa unaniuliza mboga. Wewe ndiye umeshikwa na kiharusi?"

Alizipika kwa maziwa. Alizipika kwa njugu zilizosagwa. Hazikuguswa. Huku nje, Ogada naye alikuwa akipeleka mashtaka yake benchini.

"Karanja, mke wangu amekuwa mchoyo. Ananipakulia nusu sahani."

"Nusu?"

"Nusu kabisa. Kama mahabusu."

"Pole, dereva," alisema Karanja, akala kete mbili, akafikisha yake mwisho wa ubao ikawa kingi. Siku hizo Karanja alikuwa akishinda kila jioni. Alikuwa amenenepa kidogo kwa mahindi.

Mambo mengine yakafuata. Ogada alinyoa ndevu za shavu la kulia tu na kwenda kanisani akiwa ameridhika kabisa. Alivaa koti mkono mmoja, mwingine ukining'inia. Hapo Mama Maxwel alimpigia simu mwanawe Maxwel, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kichwa cha baba kilikuwa kinaondoka: alikuwa akila, na papo hapo anasahau kilichokuwa kwenye sahani. Maxwel aliamua kuja Jumamosi na pikapu ili ampeleke mzee Ugenya, kwenye boma la ukoo, ambako kungekuwa na macho mengi ya kumchunga.

Ogada hakuwa na ugomvi na Ugenya. Alikotoka hakukumtisha. Kilichomuuma ni jinsi ambavyo angeondoka.

"Nikienda nyumbani kwa miguu yangu, sawa," alimwambia mkewe. "Lakini mkinipakia kama mawe, watu wakisema Ogada akili zimeisha, sitarudi tena kuwa Ogada. Si hapa, si huko."

Mama Maxwel aliendelea kukunja mashati.

Jumamosi mchana mzee alipakuliwa chakula, na Karanja aliitwa kuja kuagana naye. Pikapu ilikuwa imesimama langoni. Ogada alikula, akanawa mkono, akaegemea kiti. Maxwel alikaa mbele yake, akaitazama sahani.

"Baba, umekula nini?"

"Ugali na samaki. Samaki hana chumvi, lakini ni samaki."

"Na mboga?"

"Muulize mamako. Yeye ndiye anayejua anakozificha."

Maxwel alimtazama mama yake. Mama Maxwel alikuwa akitazama sakafu. "Mama," akasema Maxwel taratibu, "tufunge tu hizo nguo."

Karanja alijikuna shingo. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu mtu akili hajapoteza."

"Mzee Karanja, si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia. Lakini kwa drafti, kete zake za kulia anazilinda kama kawaida yake, huwezi hata kukohoa karibu nazo. Za kushoto ndizo hazina mwenyewe. Nazila tu, moja moja, na yeye hapigi kelele. Na Ogada mnamjua kwa kelele."

"Tangu lini?" aliuliza Mama Maxwel.

"Tangu atoke hospitali."

"Na ukanyamaza?"

"Mama, ningesemaje? Huyu amenila miaka yote hiyo. Nikafikiri Mungu amenikumbuka."

Kisha Karanja akanyoosha mkono wake wenye mafuta meusi ya magurudumu, akaizungusha sahani nusu mzunguko. Mboga za kushoto zikawa za kulia.

Ogada aliinamia sahani. Aliyagusa majani kwa ncha ya kidole.

"Yawa!" akasema hatimaye. "Hizi zimetoka wapi?"

"Zilikuwa hapo," mkewe alisema. "Siku zote zilikuwa hapo."

Ogada alivuta sahani, akala managu hadi chuma cha sahani kikaonekana. Hapo ndipo alipomgeukia Karanja.

"Kwa hivyo mahindi yangu yote ulikuwa unaiba."

"Kuiba ni nini? Mchezo ni mchezo."

"Utayatapika, fundi. Moja baada ya moja."

Maxwel alicheka kabla hajajua kama ilikuwa sawa kucheka. Nguo hazikufungwa. Jumatatu pikapu ilitoka langoni kuelekea kliniki. Huko mtaalamu wa mazoezi alimpima mzee, akawaeleza kwamba kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mtu anaweza kuacha kuujali upande wake wa kushoto. Macho yake ni mazima na fikra anazo, ila hazigeuki kwenda huko. Ogada atafundishwa kugeuza kichwa, na itasaidia awepo mtu kushoto kwake wa kumwita.

"Kumpigia meza kunaruhusiwa?" aliuliza Mama Maxwel.

"Kunaruhusiwa."

"Basi," akasema, "nimeajiriwa."

Tangu siku hiyo Mama Maxwel hula akiwa ameketi kushoto kwa mumewe. Kofi moja mezani, na kichwa cha Ogada hugeuka kama zamani palipokuwa na kona. Jioni humsindikiza hadi benchini na kukaa upande uleule na ufumaji wake. Karanja alipinga kwa nguvu.

"Drafti haichezwi na watu wawili upande mmoja!"

"Hata lori haliendeshwi na mtu mmoja," alijibu Ogada. "Cheza, fundi, mahindi yanaungua."

Maxwel alikuja tena baada ya mavuno kuona maendeleo. Chakula kilipokwisha, walitazama sahani. Kulia palikuwa safi. Kushoto mrenda ulikuwa umelala, haujaguswa.

Mama Maxwel alipiga meza kofi moja.

Ogada hakugeuka. Mkewe akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Mama Maxwel," alisema Ogada, akigeuza kichwa polepole hadi akamtazama yeye, kisha sahani, "nimeuona. Ni mrenda. Uliupika jana pia, na juzi. Nimeuona, nimeufikiria, nimeukataa. Kesho pika kunde."

Maxwel aliangua kicheko hadi akalazimika kuweka glasi chini. Mama yake hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya leso, akavuta kiti karibu zaidi na mumewe, akaupiga ubao wa meza makofi mawili: pita.

Ogada alishusha pumzi kama lori linaloachia breki. Akanyoosha mkono mzima, akaenda kushoto, kwenye mrenda.