Mstari Uliorukwa na Toleo la Nne

Mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wakihofia kwamba mwaka elfu mbili utazizima kompyuta zote, hospitali moja ya misheni upande wa Nyamira iliniita niiboreshe seva yake. Nilikuwa na chumba cha kutengenezea kompyuta mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa la Mhindi, na kazi za maana zilikuwa adimu. Nilikwenda mbio.

Hata begi sijafungua, mhasibu akaninong'oneza kwamba mashine ile ina pepo. Kila asubuhi ikiwashwa ilimwamkia karani wa masijala kwa Kigusii na Kiswahili, yaani kumekucha: "Bwakire, mama watoto." Aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mume wa karani huyo, fundi aliyetengeneza programu ya kusajili wagonjwa. Alikufa mwaka uliotangulia. Aligongwa na lori la majani chai nje ya geti la hospitali, akimngoja mkewe atoke kazini. Nilimjibu mhasibu kwamba pepo hajui kuandika programu. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Karani mwenyewe, mama mpole wa makamo, aliniuliza jambo moja tu: nikiweka mpya, salamu itabaki? Sikutaka kumdanganya. Vifurushi vipya vya programu za seva vilikuja na toleo la tano la lugha iliyoandikiwa programu ile ya usajili, na mumewe alikuwa ameandika kwa toleo la nne. Programu nyingi za zamani zilikuwa zikigoma zikihamishwa. Nikamwahidi kwamba toleo la nne sitalifuta. Ningeliweka kwenye folda yake, kando ya jipya, na mstari wa kwanza wa kila programu ungesema iendeshwe na lipi. Jipya likitushinda, tunarudi kwa la zamani. Hata nyumbani mtu akijenga nyumba mpya hakimbilii kubomoa ya kwanza.

Kesho yake asubuhi niliiendesha kwa toleo la tano. Salamu ikatokea. Karani akaijibu kwa sauti ya chini, nami nikaona aibu kusimama pale kama mtu aliyeingia chumbani mwa watu. Kutwa nzima wagonjwa walisajiliwa bila shida, nikaanza kujisifu moyoni.

Jioni, mvua ya kila alasiri ikiwa imekatika, saa ilipogonga kumi na moja maneno mengine yakajitokeza kwenye skrini: "Funga sasa, mama watoto. Niko getini, nakungoja."

Karani alichukua mkoba wake, akainuka, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka. Alibaki ameshika kitasa.

Niliifungua programu. Mstari ule ulikuwepo tangu mwanzo, mumewe aliuandika mwenyewe. Ila toleo la nne lilikuwa na kasoro: likifika kwenye sharti la saa, yaani amri ya kungoja saa fulani ifike, liliuruka mstari bila kulalamika. Toleo jipya lilikuwa limerekebishwa. Nilimweleza hivyo, akarudi kuketi.

"Alikuwa ananiuliza kila jioni, pale getini," alisema. "Mashine imekwambia nini jioni hii? Namwambia, haijasema kitu. Nilidhani ananitania. Kumbe yeye alidhani namficha."

Nilimuuliza tubaki na toleo lipi, ingawa kwa ufundi jipya ndilo lililokuwa sahihi, nami nilikuwa mtu wa kushikilia usahihi.

"Rudisha ile ya zamani," alisema. "Ya asubuhi naweza kumjibu. Na hii ya jioni, nitakuwa natoka kila siku kumtafuta kwa barabara."

Programu nyingine zote niliziacha kwa toleo la tano. Ya marehemu niliibadilisha mstari wa kwanza, nikairudisha kwa la nne, na skrini ikanyamaza. Kisha tukatoka pamoja. Tulipofika getini mama yule alipita moja kwa moja, macho chini. Mimi, niliyesema pepo hajui kuandika, ndiye niliyesimama kutazama huku na huku.