Ukuta wa Futi Sita

Mimi ni fundi cherehani. Hesabu za shule ziliniacha mapema, nami nikaziacha ziende. Lakini mama alipoteleza ngazini mara ya pili, akishuka kwenda chooni, niliapa nitamjengea choo huko huko juu, ubavuni mwa chumba chake. Nyumba zetu za mtaa wa kale wa Kuze haziguswi bila serikali kupitisha ramani, na mimi sipendi kumsubiri mtu anichoree. Nikajiandikisha darasa la kompyuta kule Buxton, nijifunze programu ya kuchora majengo.

Mwalimu, kijana wa kutoka bara, alikuwa na subira kunishinda. Nilipomletea vipimo vya nyumba yetu, kuta zilikataa kukutana kwenye skrini. Alipojua sababu alicheka mpaka akavua miwani. Kila upande nilikuwa nimeongeza inchi moja ya mshono, kama ninayekata gauni.

"Mama, ukuta haushonwi," aliniambia.

Nilinuna, nikaenda kupima upya. Safari hii kuta zote zilifunga vizuri ila ule wa kichwani pa kitanda cha mama, ambao ndio niliotaka kuuvunja. Huo ulitoka na unene wa futi sita. Kuta zetu nyingine hazifiki futi mbili. Nikarudia mara tatu, kwa hasira. Mwalimu akaigeuza picha tuione nyumba kutoka juu, haina paa, na katikati yake pakawa na mwanya mweupe usio na mlango. Nikakumbuka kwamba miaka yote, kila asubuhi, nilikuwa nikimsikia mama chumbani akisema "Sabalkheri," nami nikidhani yuko kwenye simu.

Alasiri hiyo nilimwekea mama kitandani mbele yake kompyuta niliyoazima darasani, nikamuuliza kwa ukali humo ndani mna nini. Aliitazama picha, akanijibu.

"Ni chumba cha kakako."

Mimi ni mtoto wa pekee. Ndivyo nilivyojua.

"Hakuwa ametimiza miaka miwili. Homa ilitushika sote wawili. Nalipotoka hospitali washamzika, na mamangu ashamwita mwashi. Nalikuta ukuta ushapakwa chokaa, mbichi bado. Mamangu akanambia hapa hapakuwa na kitu. Vitu vyote vya mwanangu vimo humo."

Niliogopa, sitaficha. Niliuogopa ukuta, na zaidi nilimwogopa huyu mama mpole aliyelala miaka yote kichwa kikiuelekea.

"Basi tusiuvunje," nikasema. "Choo nitakiweka kwengine."

"Sijasema hivyo." Akaugusa ule mwanya kwenye skrini kwa kidole. "Kwanza nichoree kitanda chake. Kilikuwa hapa."

Programu ile haichori kitu bila kipimo. Nikamuuliza kilikuwa na urefu gani. Mama hakutaja futi. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaacha nafasi katikati, na hakuishusha mpaka nilipomaliza kuipima kwa utepe wangu.