Bosi Wangu na Riwaya Ambayo Hakuisoma

Jamani, hii ibaki hapa. Msimtumie mtu, naomba. Nitafutwa kazi.

Leo bosi wangu alialikwa kuzungumza na wanafunzi hapa Nyeri kuhusu riwaya moja ya vijana. Ndani yake Mlima Kenya umeishiwa na barafu, na mito inalindwa kwa bunduki.

Hajaifungua. Kama kawaida, nilisoma mimi, nikamwandikia hotuba mimi, karani wake.

Uzuri wa riwaya: ukisoma, koo linakauka.
Udhaifu wake: msichana anapigania maji kitabu kizima, halafu mwishoni anaokolewa na mvulana wa Nairobi. Nilikasirika kweli.

Jana bosi aliniambia mbele ya ofisi nzima, “Wewe andika tu. Kufikiria ni kazi yangu.”

Basi nikaongeza sentensi moja mwishoni mwa hotuba.

Leo akaisoma kwa sauti, bila kuipitia kwanza: “Niko tayari kwa swali lolote.”

Msichana wa mbele akasimama. “Kwani huyo shujaa anaitwa nani?”

Bosi akapekua karatasi za hotuba.

Kisha akanigeukia pale nilipoketi kando yake. “Karani, hebu wakumbushe.”

“Sijui, mkubwa. Mimi huandika tu.”

Ukumbi mzima ukacheka. Nilifurahi sana.

Ameniita ofisini kwake kesho saa mbili asubuhi. Nilikosea?

Msipige simu ya ofisi, huipokea yeye. Niandikieni faraghani, au mnipate mtaa wa Majengo nikitoka kazini, kwa kibanda cha chai kando ya msikiti.